Mota ya fezi tatu inakula ampia ngapi? Kukokotoa mkondo wa mzigo kamili, hatua kwa hatua

Chukua mota ya 7.5 kW, volti 400, fezi tatu, kisha waulize mafundi wanne inakula ampia ngapi. Wa kwanza atagawanya 7,500 kwa 400 akwambie 18.75. Wa pili atakumbuka kwamba fezi ni tatu, atagawanya tena kwa 3, apate 6.25. Wa tatu anajua kuna 1.732 mahali fulani, anapata 10.8. Wa nne hata kalamu hashiki, anasema tu "kumi na tano hivi". Huyo wa nne ndiye aliyekaribia.

Jibu la mota ninayoizungumzia ni ampia 14.4. Ukiweka ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikivuta mkondo uliozidi) kwenye 10.8, mota nzima kabisa itakuwa inazimika kila ikibeba mzigo, na wewe utaanza kutafuta ubovu usiokuwepo. Ukiweka 18.75, siku pampu ikikwama, koili zitanuka kabla ovalodi haijashtuka.

Mkondo tunaoutafuta ni ule ambao mota inaukula ikiwa imepewa volti zake, imebeba mzigo wake kamili kwenye shafti, na imeshatulia katika mwendo wake. Mkondo wa kuwaka ni habari nyingine, na wa kuzunguka bure ni nyingine tena. Kanuni yenyewe ni hii, usiisubiri hadi mwisho:

I = P ÷ (1.732 × V × cos φ × η)

I ni ampia. P ni nguvu ya shafti kwa wati. V ni volti kati ya fezi na fezi. cos φ ni pawa fekta. Ile herufi ya Kigiriki η, inayosomwa "eta", ni ufanisi wa mota. Kuzidisha na kugawanya kila mtu anaweza. Watu hukosea kwenye namba ya kuingiza, na huko ndiko tutakakokaa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 1: Safisha kibati ukisome

Kama utafungua boksi la viunganishi, zima umeme kwanza, funga swichi isiweze kuwashwa na mtu mwingine, kisha pima uhakikishe hakuna volti. Kibati, yaani bamba la maelezo ya mota, kiko nje, lakini mkono wa fundi haukawii kuingia ndani.

Kibati cha mota yetu kinasema hivi:

7.5 kW, 50 Hz, 1460 kwa dakika
Δ 400 V / Y 690 V
14.4 / 8.3 A
cos φ 0.83
IE3, 90.4 %

Utasema: ampia si zimeshaandikwa? Ndiyo, na kibati kikiwa kizima na mota haijaguswa tangu kiwandani, hizo ndizo ampia zako. Kibati kinaishinda hesabu. Hata hivyo mimi hukokotoa kila mara, kwa sababu mota ikishasukwa upya, kibati kinabaki kilekile hata kama koili zimebadilika, na nimeona kibati cha mota moja kimepigiliwa misumari kwenye nyingine. Hesabu inachukua dakika moja, na ikigongana na kibati, kuna kitu cha kuuliza.

Na kama kibati hakipo kabisa, au kimepakwa rangi hadi hakisomeki? Chukua rula. Mota zilizotengenezwa kwa vipimo vya IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme) hupewa namba ya umbo kufuatana na kimo cha shafti: pima kutoka chini ya miguu ya mota hadi katikati ya shafti, kwa milimita. Ukipata 132, hiyo ni mota ya umbo la 132, na shafti yake itakuwa na kipenyo cha milimita 38. Katika mgao wa kawaida wa mota za poli 4 (zile zinazozunguka karibu mara 1,450 kwa dakika kwenye 50 Hz), 132 fupi huwa ni 5.5 kW na 132 ndefu kidogo huwa ni 7.5 kW. Kimo cha 112 ni 4 kW. Cha 160 ni 11 au 15 kW, shafti milimita 42. Hii haikupi jibu la mwisho, maana watengenezaji wengine hubana nguvu kubwa ndani ya umbo dogo, lakini inakuondoa kwenye giza. Mota za Marekani zina mfuatano wao mwingine wa maumbo, kwa hiyo usizipime kwa jedwali hili.

Hatua ya 2: Geuza nguvu iwe wati, na ujue ni nguvu ya wapi

Kilowati zidisha kwa 1,000. Nguvu farasi zidisha kwa 746. Mota ya 10 hp ni wati 7,460, na ndiyo maana 10 hp na 7.5 kW huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Kuna pia farasi wa kimetriki, anayeandikwa PS au CV kwenye mashine za kutoka bara la Ulaya. Huyo ana wati 735.5. Tofauti haifiki asilimia mbili, haitakuunguzia mota.

Kinachounguza ni hiki: kilowati za kwenye kibati ni zile ambazo mota inatoa kwenye shafti, si zile inazokula kutoka kwenye waya. Mota yetu inatoa wati 7,500. Ili itoe hizo, inavuta wati 7,500 ÷ 0.904, yaani karibu 8,300. Zile 800 zinazopotea njiani zinageuka joto kwenye koili, kwenye chuma, kwenye beringi na kwenye feni ya nyuma. Ndizo unazozihisi ukiweka kiganja juu ya mapezi ya mota iliyofanya kazi tangu asubuhi.

Balbu au hita ikiandikwa wati 1,000, inakula wati 1,000. Kwa mota, kibati kinataja kazi, si chakula. Fundi aliyezoea taa na pasi hukosea hapa bila kujua amekosea, kwa kuwa jibu lake halionekani la ajabu. Linapungua tu kwa karibu asilimia kumi, kiasi cha kufanya ovalodi iwe inakata kila mchana mzigo ukipanda.

Tahadhari moja kwa wanaofunga pampu. Vibati vya pampu nyingi vina P1 na P2. P2 ni nguvu ya shafti. P1 ni nguvu inayovutwa kutoka kwenye waya, ikiwa tayari imejumlisha upotevu. Ukitumia P2, gawanya kwa ufanisi kama kanuni inavyosema. Ukitumia P1, ufanisi umeshalipwa, uondoe kwenye kanuni, ubakize pawa fekta peke yake.

Hatua ya 3: Volti kati ya fezi na fezi

V kwenye kanuni ni volti unazopata ukiweka ncha moja ya mita kwenye fezi moja na nyingine kwenye fezi nyingine. Si fezi na nyutro. Mahali penye 230 kwa nyutro, kati ya fezi ni 400. Mahali pa 240, ni 415. Mahali pa 220, ni 380. Mara zote uwiano ni 1.732, ambao ni kipeuo cha pili cha 3.

Namba hiyo haikuanguka kutoka juu. Fezi tatu zimepishana nyuzi 120. Ukichora mishale miwili yenye urefu wa 230 iliyopishana nyuzi 120, ukapima umbali kati ya ncha zake, unapata 398, yaani 230 mara 1.732. Jaribu kwa rula na karatasi, utaelewa kuliko ukisoma kurasa kumi.

Sasa swali linalowasumbua wengi: mota ikiwa delta (Δ, koili zimeungwa pembetatu) au nyota (Y, ncha moja ya kila koili imeungwa pamoja), kanuni inabadilika? Haibadiliki. Kwenye nyota, mkondo wa waya ndio huohuo wa koili, lakini koili inapata volti zilizogawanywa kwa 1.732. Kwenye delta, koili inapata volti zote, lakini mkondo wa waya unagawanyika kati ya koili mbili kwa uwiano uleule. Ukijumlisha nguvu za koili tatu kwa njia yoyote kati ya hizo, unarudi kwenye 1.732 × V × I. Kanuni haiulizi vile vipande vya shaba ndani ya boksi vimelala vipi. Inauliza volti za waya na mkondo wa waya basi.

Kinachobadilika ni namba ipi usome kwenye kibati. Kile kilichoandikwa Δ 400 / Y 690 na ampia 14.4 / 8.3 kinakwambia: ukiifunga delta kwenye 400 itakula 14.4, ukiifunga nyota kwenye 690 itakula 8.3. Volti ndogo huenda na ampia kubwa. Mota ndogo mara nyingi huandikwa Δ 230 / Y 400. Mfano ni mota ya 1.5 kW yenye 5.6 / 3.25 A. Hiyo, kwenye umeme wa 400, ni lazima iwe nyota, na ampia zake ni 3.25. Anayesoma namba ya kwanza kwa mazoea anaweka ovalodi kwenye 5.6, na tangu siku hiyo mota haina mlinzi.

Hatua ya 4: Pawa fekta na ufanisi

Kama vipo kwenye kibati, vichukue kama vilivyo. Ufanisi ugeuze uwe desimali: 90.4 % ni 0.904. Mtu akiacha 90.4 jinsi ilivyo, anapata mkondo wa mota ya kuchezea watoto, na hapo angalau anashtuka.

Pawa fekta ni nini, kwa fundi? Mota haiwezi kuzunguka bila kutengeneza uga wa sumaku, na kuna mkondo unaokwenda na kurudi kwa ajili ya sumaku hiyo tu, bila kufanya kazi yoyote kwenye shafti. Hausukumi maji wala hauzungushi kinu, lakini unapita kwenye waya wako, unapita kwenye ovalodi, na unapasha koili joto kama mkondo mwingine wowote. Pawa fekta ya 0.83 maana yake katika kila ampia 100 zinazopita, ni kama 83 tu zinazobeba kazi.

Kibati kisipotaja, kisia kwa ukubwa. Hizi ndizo namba ninazoanzia kwa mota za poli 4, 50 Hz, mzigo kamili. Ufanisi ni wa daraja la IE3, pawa fekta ni makadirio, na ampia nimezikokotoa kwenye 400 V:

0.75 kW: cos φ 0.75, ufanisi 0.825, ampia 1.75
2.2 kW: cos φ 0.80, ufanisi 0.867, ampia 4.6
5.5 kW: cos φ 0.83, ufanisi 0.896, ampia 10.7
7.5 kW: cos φ 0.83, ufanisi 0.904, ampia 14.4
15 kW: cos φ 0.85, ufanisi 0.921, ampia 27.7
22 kW: cos φ 0.86, ufanisi 0.930, ampia 39.7

Mota kuukuu hazifikii ufanisi huo. Daraja la IE1 kwa 7.5 kW ya poli 4 ni 86.0 %, na zilizotangulia madaraja haya huenda ziko chini zaidi. Na ujihadhari na mota za mwendo wa polepole. Kadiri poli zinavyoongezeka ndivyo pawa fekta inavyoshuka, kwa sababu kutengeneza sumaku kunadai sehemu kubwa zaidi ya mkondo. Tuseme 7.5 kW ya poli 8, inayozunguka karibu mara 720, ina cos φ 0.73 na ufanisi 0.86: inakula kama ampia 17. Kilowati ni zilezile, lakini zimeongezeka karibu ampia 3. Ukikutana na mota nzito, nene, inayozunguka taratibu, usiikisie kwa orodha hiyo ya juu.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Anzia chini ya mstari. Kwa mota yetu:

1.732 × 400 = 692.8
692.8 × 0.83 = 575.0
575.0 × 0.904 = 519.8

Kisha 7,500 ÷ 519.8 = 14.43. Andika 14.4, mita yako haisomi zaidi ya hapo.

Nakusihi ufanye kwa mpangilio huo, chini kwanza, kwa sababu kalkuleta ya simu haina huruma. Ukibonyeza 7500 ÷ 1.732 × 400 × 0.83 × 0.904 moja kwa moja, itagawanya kwa 1.732 tu, kisha itazidisha vingine vyote, na utapewa namba inayozidi milioni moja. Hiyo angalau inajitangaza. Tumia mabano au andika pembeni.

Sasa warudie mafundi wetu. Wa kwanza, wa 18.75, alisahau 1.732, pawa fekta na ufanisi. Makosa yake yanavutana, ndiyo maana alitua si mbali sana. Wa pili aligawanya kwa 3 akiwa na volti za fezi kwa fezi. Angetumia 230 za nyutro, ile 3 ingekuwa sahihi kabisa, maana 3 × 230 ni karibu sawa na 1.732 × 400. Kosa lake ni kuchanganya njia mbili. Wa tatu, wa 10.8, alikokotoa mota isiyopoteza hata wati moja na isiyohitaji sumaku. Mota hiyo haijatengenezwa bado.

Hatua ya 6: Pima jibu kwa kanuni ya kidole

Kwenye 400 V, mota za kawaida za poli 4 hula kama ampia 2 kwa kila kilowati, au ampia moja na nusu kwa kila farasi. Ndiyo siri ya fundi wa nne: 7.5 mara 2 ni 15.

Ndogo huzidi. Ya 0.37 kW inaweza kula zaidi ya ampia 1, yaani karibu 3 kwa kilowati. Kubwa hupungua: ya 90 kW itakuwa karibu na 160, yaani kama 1.8 kwa kilowati. Kwa hiyo hesabu yako ikikupa 1.4 au 3.5 kwa kilowati kwenye mota ya ukubwa wa kati, rudi juu utafute ulipoteleza. Volti zikibadilika, ampia hubadilika kinyume chake. Kazi ileile kwenye 690 V inahitaji ampia zilizogawanywa kwa 1.73.

Mimi huanza na kidole, nikamalizia na kanuni. Mwanafunzi afanye kinyume mpaka kidole chake kikomae.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa klampu mita, lakini usiiamini kupita kiasi

Klampu mita, ile inayokumbatia waya ili kupima mkondo, ishike waya mmoja mmoja. Ukizikumbatia fezi zote tatu kwa pamoja, inasoma karibu sifuri, kwa kuwa mikondo mitatu inafutana. Nimemwona kijana akitangaza kwamba mota inazunguka bila kula umeme.

Soma fezi zote tatu uziandike. Zikitofautiana kidogo, ni kawaida. Zikitofautiana sana, pima volti za fezi kwa fezi kabla hujailaumu mota: tofauti ndogo ya volti, hata asilimia 1, inaweza kuleta tofauti ya mkondo ya asilimia 6 hadi 10. Hapa ndipo hesabu inapokosa macho, maana kanuni inadhani fezi zote ziko sawa.

Ukipata ampia 9 kwenye mota ya 14.4, usiseme kibati kinadanganya. Haijabebeshwa mzigo kamili tu. Wala usifanye uwiano wa moja kwa moja kwamba 9 ni sehemu fulani ya 14.4, basi mzigo nao ni sehemu hiyohiyo. Ule mkondo wa sumaku haupungui mzigo ukipungua. Mota ya ukubwa huu ikizunguka bure inaweza kuvuta theluthi moja hadi nusu ya ampia zake kamili, na mota ndogo hupita hapo. Kwa hiyo ampia 9 zinaweza kuwa mzigo wa nusu tu. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kujua ampia kamili za mota isiyo na kibati kwa kuipima ikiwa mezani.

Ukipata zaidi ya ampia kamili, angalia volti kwanza. Mota yenye mzigo uleule, volti zikishuka, huongeza mkondo ili itoe nguvu zilezile. Kanuni inakuonyesha: weka 380 badala ya 400, mota yetu inapanda hadi 15.2. Volti zikiwa sawa na ampia zimezidi, mzigo ni mkubwa kuliko mota, au kuna kitu kinakwama: beringi, mkanda uliokazwa mno, pampu iliyojaa mchanga.

Hatua ya 8: Itumie namba uliyoipata

Ovalodi inayopitiwa na mkondo wote wa waya iweke kwenye ampia za kibati zenyewe. Usiongeze "kidogo cha usalama". Nafasi hiyo imeshawekwa ndani ya ovalodi na mtengenezaji.

Kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha mota, ichague kwa daraja la AC-3, lililokusudiwa mota za aina hii, lisilo chini ya ampia ulizokokotoa. Namba kubwa iliyochapwa mbele ya kontakta inaweza kuwa ya AC-1, yaani mizigo kama hita, na haifai kwa mota.

Fyuzi na sakiti breka zina kazi nyingine: zinalinda waya dhidi ya shoti, na ni lazima zivumilie mkondo wa kuwaka. Mota inayowashwa moja kwa moja inavuta mara 5 hadi 8 ya ampia kamili kwa sekunde chache. Ya kwetu itaruka hadi kati ya 72 na 115 kisha itulie. Ndiyo maana breka ya mota huwa ya mkunjo wa D, au fyuzi za aina ya aM, na ndiyo maana breka haichukui nafasi ya ovalodi hata siku moja. Kwa kebo, anza na ampia kamili, kisha angalia urefu, joto la mahali na jinsi kebo ilivyolazwa, kwa kufuata kanuni za nchi yako. Marekani, kwa mfano, hudai kebo ya mota moja ibebe angalau asilimia 125 ya ampia kamili.

Stata ya nyota-delta, inayowasha mota ikiwa nyota kisha kuihamishia delta, ndiyo iliyonifunza kwa gharama. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga moja kwa pampu ya 7.5 kW, ovalodi nikaining'iniza chini ya kontakta kuu, kwenye nyaya tatu zinazokwenda U1, V1 na W1. Nikaiweka 14.4, kwa sababu kibati kilisema 14.4. Ilifanya kazi vizuri hadi siku pampu ilipokwama, koili zikaungua, na ovalodi ikabaki imekaa kimya, haijakata hata mara moja. Nilikuwa nimesahau kwamba mota ikiwa delta, nyaya zile hubeba mkondo wa koili, si wa waya mzima: 14.4 ÷ 1.732, yaani 8.3. Kwa mlinzi wangu, hatari ilikuwa haijaanza mpaka waya mkuu ufike ampia 25. Ovalodi ikikaa mahali hapo, zidisha ampia za kibati kwa 0.58. Ikikaa juu, kabla nyaya hazijagawanyika, acha ampia kamili. Kabla ya kugusa kile kigurudumu cha kuwekea ampia, fuata waya kwa kidole ujue uko upande gani.

Jambo jingine linalosahaulika ni kapasita ya kurekebisha pawa fekta. Ikifungwa kwenye vichwa vya mota, chini ya ovalodi, sehemu ya mkondo wa sumaku inaishia kati ya kapasita na mota, na ovalodi inaona ampia pungufu. Hapo ishushe: pima kwa klampu kapasita ikiwa imeunganishwa, kisha ikiwa haipo, kwa mzigo uleule, upate uwiano. Ikifungwa juu ya ovalodi, usiguse kitu.

Kwa mota inayoendeshwa na kidhibiti mwendo cha kielektroniki, ampia za kibati ziandike ndani ya mipangilio ya kidhibiti. Mkondo wa upande wa kuingia hautalingana na wa kwenye mota, kwa hiyo usiulinganishe na hesabu hii.

Jaribu mwenyewe

Mota ya 20 hp, 415 V, cos φ 0.86, ufanisi 89 %. Funika mistari inayofuata kwa mkono kwanza.

Jibu ni ampia 27.1. Ukipata 24.1, umesahau ufanisi. Ukipata 47, umesahau 1.732. Ukipata 15.7, umeweka 3 mahali pa 1.732. Ukipata 36.4, umesoma farasi ukadhani ni kilowati. Ukipata 28.1, hesabu yako ni nzuri, ila umetumia 400 kwa mazoea wakati swali limesema 415.